Namba ya Kupisha

Kwenye dirisha jeusi la kompyuta ya kituo, mama yake Tusekile alikuwa mstari wa mwisho kabisa.

Juu yake walikuwepo wagonjwa wengine kumi, wamepangwa kwa ulaji, mlafi juu, asiye na hamu chini. Kila baada ya sekunde chache mistari iliruka na kubadilishana nafasi, kama watoto wa shule kwenye foleni ya uji. Mstari wa mama haukuruka. Ulikaa chini pale pale: asilimia mbili ya prosesa, asilimia tatu, na akijitutumua sana, nne.

"Usimkodolee macho hivyo, utamkondesha," alisema Lwitiko, fundi mwenzake, huku akivuta kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi. Lwitiko alikuwa kijana mrefu asiyenyamaza. Watu wa Isalala walikuwa wakisema kwamba mdomo wake ungekuwa prosesa, ushirika usingehangaika kununua nyingine.

"Jana alikuwa asilimia tano," Tusekile alisema.

"Jana ilikuwa jana. Mimi nashuka kupokea betri. Ukichoka kulia, kuna chai kwenye chupa."

Alisema kwa utani, lakini hakumtazama usoni. Tusekile hakuliona hilo. Angeliona, hadithi hii ingekuwa fupi, na mtoto mmoja asingeungua.

Kituo chenyewe zamani kilikuwa banda la kukaushia pareto. Ushirika wa wakulima wa viazi ulikichagua kwa sababu moja tu: huko juu kwenye mgongo wa mlima baridi ni ya bure. Wanafungua madirisha, ukungu unaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi, na seva zinapoa. Seva zenyewe ni za mtumba. Watu wa mjini walizichoka, Isalala wakazivisha mablanketi na kuziita mpya.

Walizinunua kwa ajili ya mgando. Ugonjwa huu unautia ubongo ganzi, kipande baada ya kipande. Mtu anasimama na kijiko katikati ya sahani na mdomo, anabaki hapo hapo, macho wazi. Dawa haipo. Kilichopo ni hereni, kidude kidogo kinachopachikwa nyuma ya sikio. Wazo ambalo ubongo umeshindwa kulimalizia, hereni inalipeleka juu mlimani, seva inalimalizia na kulirudisha, na kijiko kinafika mdomoni uji ukiwa bado wa moto. Seva moja ina wagonjwa kumi na mmoja na prosesa yenye vinywa vinane. Ni nyumba ya kupanga, kwa kifupi. Vyumba vingi, bomba moja, na kila mtu anataka kuoga asubuhi.

Tusekile alikuwa amesomea kazi hiyo, na kwa miezi mingi aliusoma mstari wa mama kama muuguzi anavyosoma kipimajoto. Asilimia zikishuka, aliingia nyuma ya magunia ya viazi na kulia kidogo, akajifuta, akarudi. Ubongo wa mama hauombi kazi tena, alijiambia. Unazima. Nyumbani alikuwa ameshaanza kumjibia wageni. Mgeni akisema "Mama, habari za siku?" Tusekile anajibu "Anaendelea vizuri, ndaga, asante," kwa sababu kumngoja mama ajibu kulimtia aibu, na aibu yenyewe ilimtia uchungu.

Siku hiyo, akiwa peke yake na ukungu, jicho lake lilitoka kwenye asilimia likaangukia safu ya pembeni ambayo huwa haisomi mtu, safu ya herufi moja moja. Aliyelala ana S. Aliye wima, anayetaka kazi sasa hivi, ana R.

Wagonjwa wengine walikuwa wakibadilika. S, R, S, S, R. Mtu anafikiri, anapumzika, anafikiri tena.

Mama alikuwa R. Tusekile akangoja. R. Akamimina chai, akanywa nusu kikombe. R.

Akakaa chini taratibu. Mtu ambaye ubongo wake unazima angekuwa S muda mwingi, amelala. Huyu hakuwa amelala hata kidogo. Na asilimia, kumbe, haisemi umeleta mahindi kiasi gani mashineni. Inasema umesagiwa kiasi gani. Mama hakuishiwa mahindi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na gunia kichwani miezi yote hiyo, mashine ikiwasagia wengine.

Ndipo alipoitazama safu nyingine, ile ambayo mafundi wa Isalala wanaiita namba ya kupisha. Sifuri ni mtu wa kawaida, anapanga foleni kama wenzake. Ukishuka chini ya sifuri mpaka hasi ishirini, wewe ni mheshimiwa, unapita mbele. Ukipanda mpaka kumi na tisa, unampisha kila mtu mpaka nzi. Panapokuwa na msongamano, mwenye kumi na tisa anapata kijiko kimoja wakati mwenzake ameshakula karibu sabini.

Sifuri, sifuri, sifuri, wote kumi. Mama: kumi na tisa.

Kisha akakumbuka alfajiri. Kila alfajiri, kabla Isalala haijaamka, mama alikuwa mtu mzima kabisa. Anawasha jiko, anaimba, anakemea paka. Jua likipanda, anaganda. Tusekile alidhani ni chai ya tangawizi. Kumbe alfajiri wapangaji wengine wamelala na bomba ni lake peke yake.

"Wamemuibia," alisema kwa sauti, na ukungu haukubisha.

Sheria ya kituo ilibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: fundi hagusi namba ya ndugu yake. Tusekile ndiye aliyeibandika. Alivuta kibodi. Angeweza kuandika sifuri, ikawa haki tupu. Lakini hasira yake ilikuwa na miezi mingi ndani, ikataka na fidia. Akaandika amri ya kumpa mama, mgonjwa 4417, hasi kumi:

*renice -n -10 -p 4417*

Mashine haina moyo, ilijibu kwa mstari mmoja: ya zamani 19, mpya -10. Na mstari wa mama, uliokaa chini kama jiwe la mafiga, ukaruka mpaka juu kabisa.

* * *

Alipofika nyumbani jioni, mama alikuwa kwenye kigoda anamenya viazi. Jina lake Atuganile, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa. Asubuhi hiyo hiyo kiazi kimoja kilimchukua muda wa kuchemsha maharage.

"Wewe," mama alisema bila kuinua kichwa, "hilo sweta umeligeuza ndani nje tangu asubuhi, au ndio mtindo wa mafundi?"

Tusekile alisimama mlangoni. Akatazama sweta. Kweli lilikuwa limegeuzwa. Akaanza kucheka na machozi yakamtangulia.

"Sasa unalilia sweta? Livue uligeuze, halijafa."

Siku zilizofuata zilikuwa tamu mpaka zinatisha. Mama alitembea mpaka kisimani na kurudi na habari zote za kijiji, nyingine za kweli. Alimkumbusha Tusekile jinsi alivyokataa shule siku ya kwanza akakumbatia mguu wa mbuzi. Alimwita paka majina yasiyoandikika. Wageni walipokuja, mama alijibu mwenyewe, tena kabla hawajamaliza kuuliza.

Na alikula. Hilo ndilo lililomgusa Tusekile kuliko yote. Tangu baba alipofariki, mama alikuwa na sentensi yake moja. Anapakua, nyama inagawanywa kwa watoto, na akiulizwa yake iko wapi anasema, "Mimi nilishaonja jikoni." Watoto waliamini. Tusekile alikuwa kidato cha pili alipoingia jikoni ghafla akamkuta mama anakwangua ukoko wa ugali na kuushushia kwa maji ya moto yenye chumvi. Hawakusema kitu siku hiyo, wala baadaye. Ila Tusekile hakuisahau sufuria ile.

Sasa mama alikaa mezani, akasogeza sahani yake mbele. "Leo na mimi nipe finyango. Hilo nene, usinipe la kuombea maji."

"Kula, mama."

Alitafuna polepole, amefumba macho. Kisha akauliza, kama anayeulizia bei ya chumvi, "Huko kituoni mko salama? Mashine haizidiwi?"

"Iko salama."

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

Alikuwa ameangalia mstari mmoja tu, ule wa juu. Lakini kwenye kichwa cha dirisha lile jeusi kuna namba tatu za mzigo, yaani watu wangapi kwa wastani wanaosagiwa pamoja na wanaosubiri: ya dakika moja, ya dakika tano, ya robo saa. Kwa vinywa vinane, ukizidi nane, kuna watu wamesimama nje. Na ya kwanza ikiwa kubwa kuliko ya mwisho, mambo yanazidi kuharibika. Tusekile ndiye aliyekuwa akiwafundisha mafundi wapya hilo, tena kwa madaha. Asubuhi hiyo zilisomeka kumi, tisa na nusu, nane na nusu. Alizitazama akasema moyoni, ni siku ya gulio, watu wanafikiri sana siku ya gulio.

* * *

Lwitiko alikuja mchana, bila kofia na bila utani, na kwa hayo mawili tu Tusekile alijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Sekela ameganda."

Sekela alikuwa mama kijana aliyekaa nyumba iliyo chini ya kisima, mgando ulimpata akiwa na mimba. Mumewe alikuwa mbali kwenye mashamba ya chai. Aliishi na mwanawe Ipyana, ambaye alikuwa ameanza tu kukaa bila kushikiliwa.

"Alikuwa anaepua uji," Lwitiko alisema. "Mtoto yuko pale chini, miguuni. Ameinua sufuria, akagandia hapo hapo, mikono ikalegea. Jirani alisikia kilio cha mtoto. Sekela mwenyewe alikuwa amesimama tu, anatazama. Anatazama, hawezi kuinama."

Mama aliweka kisu chini.

"Mtoto?"

"Yuko zahanati. Atapona, wanasema. Mguu mmoja ngozi imetoka mpaka gotini." Lwitiko akamgeukia Tusekile. "Nimetoka kituoni. Mzigo karibu kumi na moja. Sekela anapata makombo. Na juu kabisa kuna mtu ana hasi kumi. Nani ameigusa ile namba, dada?"

"Na ile kumi na tisa ya mama, nani aliiweka?" Tusekile alisimama. "Mwizi wewe. Uliuza zamu ya mama yangu kwa nani?"

"Tuse, keti," mama alisema.

"Nimemuuliza swali, mama."

"Na mimi nakujibu. Namba ni yangu. Nilimwomba mimi."

Paka alipita katikati yao akaenda zake.

"Ilikuwa siku ya kliniki," mama aliendelea. "Sekela ananyonyesha kwenye benchi, mimi niko pembeni yake. Akaganda. Mkono umemkaza mtoto kwenye ziwa, pua imezama. Vidole vile nilivibandua kimoja kimoja. Mtoto alishakuwa wa rangi ambayo sitaki kuisema. Jioni yake nikapanda kwa Lwitiko, nikamuuliza kwa nini. Akanionyesha hilo dirisha lenu. Watu kumi na mmoja, midomo minane. Nikasema, basi nitoe mimi kwenye foleni. Akakataa. Nikamwambia nitamweleza mama yake habari za yule binti wa Uyole."

"Alitaja mpaka jina," Lwitiko alisema kwa sauti ndogo.

"Akaniapia hatasema. Hasa kwako."

Tusekile alimgeukia mama. "Ulikuwa unakufa mbele ya macho yangu. Nimekulilia nyuma ya magunia, mama. Nakuuliza umelalaje, unanitazama tu kama ukuta."

"Nilikuwa najibu."

"Hukujibu."

"Nilijibu yote, mwanangu. Kila ulichoniuliza. Ila jibu likifika mdomoni, wewe ulikuwa umeshatoka chumbani."

* * *

Waliweka kompyuta mpakato ya Lwitiko mezani, katikati ya maganda ya viazi. Tusekile alikuwa ameshairudisha namba mpaka sifuri, ili Sekela apumue wakati wao wanabishana. Lakini aligoma hapo hapo kwenye sifuri, kama punda kwenye daraja.

"Sifuri ni haki. Hata mtu wa zahanati hawezi kunilaumu kwa sifuri."

"Siku ile ya benchi mama alikuwa sifuri," Lwitiko alisema. "Wote walikuwa sifuri. Ubongo wa Sekela umeliwa kuliko wa wote, anaomba mengi kuliko wote. Ukigawa sawa, yeye ndiye anayepungukiwa."

"Basi mpeni yeye hasi kumi."

"Nilijaribu mara moja. Akala yeye, wakaganda watatu, mmoja yuko juu ya ngazi. Vinywa ni vinane, dada. Lazima mmoja asimame nje."

"Mashine nyingine?"

"Ushirika wamesema mwakani."

Hata mama aliguna. Mwakani wa ushirika ulikuwa na ndevu.

"Kwa nini isiwe mwingine?" Tusekile aliuliza, na alijua sauti yake ilivyosikika mbaya. "Mzee Anyosisye, mgonjwa mwenzenu, anashinda kwenye bao tu. Akichelewa kucheza nani anaumia? Twendeni tukamwombe."

"Ukienda kumwomba, atakubali," mama alisema. "Atakubali kwa aibu, kwa sababu umesimama mlangoni kwake na habari ya mtoto aliyeungua. Huko si kupisha. Huko ni kuporwa. Mimi hakuna aliyekuja mlangoni kwangu."

"Mimi je? Mimi nimekuja mlangoni kwako."

Mama alichukua ganda la kiazi, akalikunja, akalikunjua.

"Na mimi nina langu la kusema," alisema mwishowe. "Usidhani hatia ya ule mguu wa mtoto ni yako peke yako. Siku ile ya sweta, kabla hujaingia, nilishajua. Nilimenya viazi ndoo nzima nikajua mtu amenigusa. Nikajua na Sekela atakuwa nje. Nilipaswa kupanda kituoni siku ile ile." Alitazama mikono yake. "Nikasema ngoja nionje kidogo. Kesho nitasema. Kesho ikaja nikasema kesho. Ilikuwa tamu, Tuse."

Lwitiko alitoka nje kwenda kutazama ukungu, ambao aliuona kila siku ya maisha yake.

Tusekile aliinamisha kichwa kwenye magoti ya mama akalia bila magunia ya kumficha. Mkono ule mkubwa ulimpapasa kisogoni, mwepesi, bila kuchelewa, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Uandike wewe," mama alisema. "Akiandika Lwitiko utamchukia, na huyu mjinga ndiye rafiki pekee uliyenaye. Ila kwanza nisikilize, maana baada ya hapa nitakuwa mvivu. Ufunguo wa sanduku uko ndani ya kopo la majani ya chai, lile lenye kutu. Kesho umpelekee Sekela asali ya kumpaka mtoto kidonda kikianza kufunga, na umwambie ukweli kuhusu namba, uliyofanya wewe na niliyofanya mimi. Atakutukana. Kaa utukanwe. Na wageni wakija, usinijibie. Wakae. Wana haraka ya kwenda wapi, Isalala hii?"

"Hawatakaa, mama."

"Basi wewe kaa."

Tusekile alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Akavuta kompyuta. Vidole vilizijua herufi zote, na kila moja ilikuwa nzito kama tofali.

*renice -n 19 -p 4417*

Kidole chake kilibaki juu ya kitufe cha mwisho. Mama akakiona, akaweka kidole chake mwenyewe juu ya kile cha bintiye. Wakabonyeza pamoja.

Ya zamani 0, mpya 19. Mstari wa mama ukateremka polepole, ukapita mmoja, ukapita wa pili, mpaka ukatulia chini. Kwenye safu ya pembeni herufi ilikuwa ile ile. R. Huko juu, mstari wa Sekela ulipata nafasi, ukapumua.

Tusekile alifunga kompyuta. Akamgeukia mama, ambaye macho yake yalikuwa wazi, uso umetulia, ganda la kiazi katikati ya vidole.

"Mama," alisema, "zile siku, zilikutosha?"

Hakuna jibu.

Zamani, yaani wiki iliyopita, angeinuka hapo. Angesema "haya, pumzika," angefunga mlango na kwenda kulia kwa faragha. Safari hii alivuta kigoda akakaa karibu, magoti yakigusana. Chai ilipoa. Lwitiko alichungulia, akaona, akaondoka bila kuaga. Jirani alipita kuulizia hali ya mtoto wa Sekela, akasalimu, akamsalimu na mama. Tusekile akafumba mdomo kwa nguvu zote asimjibie. Jirani alingoja kidogo, akajikuna, akaenda zake. Tusekile akapakua chakula sahani mbili, akachagua finyango nene kuliko yote, akaliweka kwenye sahani ya mama. Mvuke ulipanda, ukapungua, ukaisha.

Ndipo midomo ya mama iliposogea. Kwanza kona moja, kama mtu anayetaka kucheka kanisani. Mkono uliachia ganda, ukaanza safari ndefu juu ya meza, ukaifikia sahani yake, na kuisukuma kidogo kidogo kuelekea upande wa bintiye.

"Mimi," alisema. Jua lilikuwa limeshahama dirishani alipolifikia neno la pili. "Nilishaonja. Jikoni."